Mushishi: Si Pepo, Si Shetani

Katika lugha ya Kijapani neno mushi kwa kawaida lina maana ya mdudu. Yuki Urushibara, mtunzi wa hadithi za picha ziitwazo Mushishi (1999–2008), alilichukua neno hilo la kila siku akalipa maana mpya: viumbe wasio wanyama wala mimea, walio karibu na chanzo cha uhai, ambao watu wengi hawawezi kuwaona. Mwaka 2005 mwongozaji Hiroshi Nagahama alizigeuza hadithi hizo kuwa mfululizo wa filamu za katuni wenye sehemu 26.

Mhusika mkuu ni Ginko, mtaalamu wa viumbe hao. Mwili wake huwavuta mushi. Akikaa mahali pamoja kwa muda mrefu hujazana, basi hana budi kusafiri daima, akiwasaidia watu waliodhurika.

Kwa upande wa fani, kazi hii imefaulu sana. Misitu, ukungu na theluji vimechorwa kwa utulivu, na kimya chenyewe kimefanywa kuwa sehemu ya usimulizi. Katika sehemu ya tatu mushi wanaokula sauti wanakivamia kijiji chenye theluji. Hapo mtazamaji huusikia ukimya kama mtu asikiavyo ngoma.

Swali gumu limo katika maudhui. Nilipowataka wanafunzi wangu walitafsiri neno mushi, wengi waliandika "pepo", nami nikawapa alama. Sasa naona nilikosea. Pepo wetu ana nia: humpanda mtu, hudai, hukasirika, hupungwa. Mushi hadai kitu. Anaishi tu, na madhara yake ni kama ya mto unaofurika. Kumwita pepo ni kumtia hatiani kabla ya kesi kusikilizwa. "Mdudu" lafaa zaidi, kwa kuwa hata sisi husema "wadudu" tukikusudia vijidudu vya maradhi visivyoonekana kwa macho.

Dhamira hii hudhihirika katika sehemu ya ishirini. Tanyuu alizaliwa na mguu mweusi, ambamo mushi mharibifu amefungwa tangu enzi za mababu. Humpunguza kidogo kidogo kwa kuandika visa vya mushi waliouawa, na maandishi hayo humtoka kwa maumivu makali. Lakini amechoshwa na visa vya mauaji. Humfurahia Ginko kwa sababu hasimulii kuua tu. Ni nani kati yetu sisi walimu asiyeguswa na mwandishi ambaye kalamu ni dawa yake na pia adhabu yake?

Kasoro haikosi. Mara nyingi Ginko hueleza kwa maneno jambo ambalo picha zimekwisha kulisema, kana kwamba mtunzi hamwamini mtazamaji.

Hata hivyo, walimu wenzangu, itazameni kazi hii pamoja na wanafunzi wenu. Kisha waulizeni: je, kila kinachotudhuru ni adui? Jibu lao litategemea neno watakalolichagua.