Tope Lisilotuama la Athabasca

Bwawa la kwanza la topesumu katika mgodi wa mchanga wa lami wa Athabasca ambao leo ni wa kampuni ya Suncor, karibu na Fort McMurray nchini Kanada, lilianza kutumika mwaka 1967. Mchanga ulizama upesi, lakini chembe za udongo wa mfinyanzi zilielea kwa miongo minne. Hatimaye tope lake lilivutwa kwa pampu hadi mabwawa mengine, ndipo eneo likafukiwa na kupandwa miti mwaka 2010.

Chanzo cha tope hilo kutotuama kimo ndani ya kiwanda kinachotenganisha lami na mchanga. Njia aliyoiasisi Karl Clark huchanganya mchanga wa lami na maji ya moto yenye soda kali. Soda huamsha sabuni za asili zilizomo kwenye lami, matone yakabanduka kutoka kwenye mchanga na kupandishwa juu na viputo vya hewa. Soda hiyohiyo huzipa chembe za udongo huo, yaani kaolinaiti na ilaiti, nyingi zikiwa chini ya mikromita 2, chaji hasi kali. Chembe zinasukumana, maji yananaswa katikati. Baada ya miaka michache yabisi hufikia takriban asilimia 30 ya uzito, kisha tope hukwama hapo hapo kama uji.

Ukipunguza soda, udongo wa mfinyanzi unaudhi upande wa pili. Soda ikiwa haba na maji yakiwa na kalisi nyingi, chembe hulivika tone la lami koti jembamba, kiputo kikashindwa kulishika, na mafuta yakaishia kwenye taka. Ndiyo maana jasi, ambayo kalisi yake huzigandisha chembe bwawani, ni dawa yenye gharama: maji ya bwawa hurudishwa kiwandani, na kalisi hurudi nayo. Polima ya kugandisha chembe haina kasoro hiyo, ila ikikorogwa kupita kiasi mabonge yake husambaratika.

Kwa maoni yangu, kosa kubwa ni la upimaji wa udongo huo. Kila chembe iliyo chini ya mikromita 44 huhesabiwa kuwa laini, hata ikiwa vumbi la kwatzi lisilo na madhara makubwa. Kipimo cha methilini bluu ni cha haki zaidi: rangi huongezwa kidogo kidogo kwenye sampuli, na kila mara tone hudondoshwa juu ya karatasi ya chujio. Udongo wa mfinyanzi ukishiba rangi, duara hafifu la buluu hutokea pembezoni mwa doa. Jibu hilo lipatikane kabla mchanga haujapakiwa kwenye lori, kwani kiasi cha soda kikishaamuliwa, hatima ya bwawa imeamuliwa pia.