Nimeiona Leza ya Kupanga Meno, na Mara Tunaitaka!

Ni kijiti chembamba cha kushika kwa vidole, kina waya unaokwenda kwenye kisanduku kidogo cha mezani, na nchani mwake kuna kidoa chekundu. Daktari anakigusisha kwenye ufizi, juu ya mzizi wa jino, anasubiri sekunde chache, mashine inalia "pii", anahamia jino la pili. Hakuna sindano! Hakuna damu! Hakuna moto! Nilikuwa nimekaa pembeni nimevaa miwani ya kinga, kama kila aliyekuwamo chumbani, namwangalia binti wa kaka yangu akipigwa leza mara tu baada ya kubadilishiwa waya za meno. Ndugu zangu wa Mugango, mkoani Mara, kitu hiki kimenikosha.

"Shangazi, sisikii chochote," alisema, mdomo wazi nusu.

Kile kidoa chekundu ni cha kuonyesha mahali tu. Mwanga unaofanya kazi hauonekani kabisa. Kwa mashine hii ni mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 810, nje ya upeo wa jicho la binadamu. Ndiyo maana miwani si mapambo. Mwanga usiouona haukufanyi upepese, kwa hiyo unaweza kuunguza sehemu ya nyuma ya jicho kabla hujashtuka. Kliniki ikikukaribisha kwenye leza bila miwani, inuka uondoke.

Sasa niseme kwa nini nimeshindwa kunyamaza. Watoto wetu wanaovaa waya za meno hawalalamikii sura, wanalalamikia maumivu. Waya unasukuma jino polepole, kiasi cha milimita moja hivi kwa mwezi. Upande jino linakoelekea, mfupa wa taya unabanwa na seli maalumu zinaumung'unya. Upande linakotoka, seli nyingine zinajenga mfupa mpya kuziba nafasi. Kazi ya ajabu, lakini inaleta uvimbe ndani kwa ndani. Maumivu huanza saa chache baada ya waya kukazwa, hufika kileleni kesho yake, kisha hupungua taratibu ndani ya wiki. Kwa mtu wa Mugango anayetibiwa Mwanza, hiyo kesho yake ni siku ya safari: basi kutoka Mwanza, Magu, Lamadi, Bunda, kisha gari la kuelekea ziwani, taya linapwita njia nzima, na ukifika nyumbani unawekewa ugali wa udaga usioweza kuutafuna.

Binti yetu alikula. Alikula sato kwa ugali usiku uleule, na kesho yake akapanda basi akiwa anapiga soga. Najua mtoto mmoja si ushahidi. Lakini watafiti wa Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya majaribio ya tiba na kuyapima bila huruma, waliliangalia jambo hili mwaka 2016 wakaona kwamba leza ya nguvu ndogo huenda ikapunguza maumivu ya waya katika siku za mwanzo, ingawa ubora wa majaribio yenyewe ulikuwa wa chini. Kwangu hiyo inatosha kuiomba, hasa ukikumbuka kwamba dawa za jamii ya ibuprofeni huzuia kemikali zilezile ambazo jino linazihitaji ili lisogee, na madaktari wengi wa waya huona afadhali panadol.

Namna inavyofanya kazi ndiyo iliyonikuna zaidi. Ndani ya kila seli mna mitokondria, na humo mna kimeng'enya kiitwacho sitokromu oksidesi kinachofyonza mwanga wa aina hii. Inaaminika kwamba kikishaufyonza, seli hutengeneza nishati zaidi na uvimbe hutulia. Mwanga! Aliyegundua kwamba mwanga wa leza unaweza kuuchangamsha mwili wala hakuwa analitafuta hilo. Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza duniani huko California mwaka 1960. Miaka saba baadaye, Budapest, daktari Endre Mester aliwanyoa panya mgongoni na kuwamulika ili ajue kama leza inaleta saratani. Saratani haikuonekana. Ila manyoya ya panya waliomulikwa yakaota upesi kuliko ya wenzao.

Mtaniuliza: basi na muda wa kuvaa waya unapungua? Hapa nilifika na hamu kubwa kuliko yote, kwa kuwa waya huvaliwa mwaka mmoja na nusu, miwili, hata zaidi. Mwaka 2000 watafiti wa Japani waliona meno ya panya yakisogea upesi zaidi chini ya leza. Mwaka 2004 timu ya Brazili ilijaribu kwa watu 11, na meno ya chonge upande uliomulikwa yakasogea kwa kasi iliyozidi ule mwingine kwa asilimia 34. Nilivyosoma hivyo nilitaka kuruka! Lakini mwaka 2006 wenzao wa Thailand hawakuona tofauti yoyote, na Cochrane waliporudi kulipima suala la kasi mwaka 2023 hawakupata sababu ya kuamini kwamba mwanga unafupisha matibabu. Isitoshe, wale wa Brazili walimulikwa siku nne katika kila mwezi. Siku nne! Nani atatoka Mugango mara nne kwa mwezi kufuata sekunde chache za mwanga? Hata faida ingekuwapo, ingeishia kwenye nauli. Mwanga wa kutuliza maumivu hauna tatizo hilo, maana unapigwa palepale, siku ileile waya unapokazwa. Kwa hiyo anayewauzia leza kama njia ya mkato ya kumaliza waya mapema, msimpe pesa.

Ila subirini, jambo kubwa sijalisema. Daktari alibadilisha ncha, akapandisha nguvu, na mashine ileile ikawa kisu!

Ili muone kisu hicho kinatufaa vipi, kumbukeni habari ya meno ya nailoni. Mtoto mchanga anaharisha, ana homa, bibi anapapasa ufizi na kukuta uvimbe mweupe pale chonge litakapoota, na mganga anachokoa kijino hicho kwa kitu chenye ncha, hata spoku ya baiskeli. Hakuna jino la nailoni. Ule uvimbe ni chonge la utotoni lililokuwa bado linajiandaa kuota. Chini yake kabisa mna chipukizi la chonge la ukubwani, na ncha ile ikilifikia, miaka kumi na kitu baadaye jino linakuja limepinda, limepotea njia, au haliji. Hilo nimeliona kwa vijana wengi kwetu, nao wamezoea kucheka wakiwa wameziba mdomo kwa kiganja.

Chonge kama hilo likikwama chini ya ufizi tu, daktari anahitaji kufungua dirisha dogo, alifikie, aligandishie breketi, yaani kile kibati kinachoshika waya, alivute mahali pake. Kwa kisu cha kawaida, damu hutiririka na gundi ya breketi haishiki penye unyevu, hivyo mara nyingi inabidi kusubiri. Kwa leza, baada ya sindano ndogo ya ganzi, ufizi unakatwa na mishipa yake inazibwa kwa wakati mmoja. Kijana aliyekaa kitini baada yetu alikubali niangalie. Nilisikia harufu kidogo ya kuungua, nikaona jeupe linachomoza, pakavu, na breketi ikagandishwa palepale! Hakushonwa hata uzi mmoja. Jino lililofichika miaka yote likashikwa na waya, na kijana akarudi nyumbani bila kupangiwa siku nyingine ya kulifunga.

Leza ya aina hii inakata nyama tu. Chonge likiwa limezama ndani ya mfupa, upasuaji wa kawaida uko palepale, na picha ya eksirei ndiyo itakayosema. Dozi nayo ina ukomo: mwanga ukizidi, faida hupotea, kwa hiyo mwulizeni daktari amejifunzia wapi mashine hiyo na ameiweka kwenye kiwango gani. Ulizeni pia kama leza inalipiwa peke yake.

Na tuna pa kuanzia: Chuo cha Muhimbili kimekuwa kikifundisha madaktari wa meno tangu 1979. Musoma tuna Hospitali ya Rufaa ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere pale Kwangwa. Mashine niliyoiona inakaa kwenye kona ya meza. Iwekwe Kwangwa, na bingwa wa kupanga meno aje nayo hata kwa zamu, ili mtoto wa Mugango, wa Butiama au wa Bunda akazwe waya, apigwe mwanga, na awe amerudi kwao kabla ya chakula cha jioni. Mimi barua ya kuomba hivyo nimeshaianza, na nakusanya sahihi za wazazi hapa Mugango.