Duma: Giza Linalokimbia

Jamani, nimeisikiliza mara tatu tangu jana jioni na masikio bado yanavuma. Ni albamu ya kundi la Duma! Ilikuwa Agosti 2020, wakati wa korona, kafyu usiku, barakoa mchana, halafu vijana wa Nairobi wakatuletea kelele tamu namna hii.

Kwanza jina. Mswahili akisikia duma anamwona mnyama mwenye mbio. Hapa Kagio, chini ya Mlima Kenya, ukitaja nduma sokoni utaonyeshwa fungu la magimbi na kuulizwa unataka za shilingi ngapi. Kundi lenyewe linakusudia giza, kwa Kikuyu. Mimi nasema yule mnyama naye yumo, kwa sababu nyimbo hizi zinatimua mbio kwelikweli.

Kwenye albamu hii ni watu wawili tu: Martin Khanja kwenye sauti, Sam Karugu kwenye gitaa na mitambo. Tuliowajua tangu enzi za bendi zao za zamani, Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura, tulizoea metali ya jukwaani, mpiga ngoma akilowa jasho nyuma. Sasa mpiga ngoma hayupo. Mwaka 2019 walipanda hadi Kampala, wakajifungia studio za lebo ya Nyege Nyege, wakatoka na mapigo ya kompyuta yanayomwagika kama mvua ya mawe juu ya mabati. Mikono ya nani ingeyaweza?

Wenzangu wa roki tayari wamenuna: eti metali bila ngoma za mkono si metali. Wacheni hizo! Sisi watu wa mlimani tumekesha mara ngapi na mugithi wa mtu mmoja na gitaa lake, mapigo yote yakitoka kwenye mashine? Sijaona mtu akidai arudishiwe kiingilio.

Sasa nifike kwa “Lionsblood”. Nilikuwa nimesimama karibu na kinu cha kukoboa mpunga, spika ndogo masikioni, wimbo ukaanza. Nikazichomoa haraka nikidhani kinu kimekatika mkanda. Kinu kilikuwa salama, kinatema pishori taratibu. Nilizirudisha nikacheka peke yangu, mama muuza nyanya akinitazama kama mgonjwa. Na Khanja! Ananguruma kutoka tumboni, kisha bila kuvuta pumzi anapaa juu na kulia kama chuma kinachokatwa. “Omni” nayo, nakuapia, inachezeka.

Lawama yangu ni moja. Maneno yanazama. Katika “Corners in Nihil” nilitega sikio mpaka mwisho, nikatoka mikono mitupu.

Nyimbo ni tisa. Nawapa alama tisa kwa kumi, hiyo moja wataipata siku nitakaposikia wanachosema. Inapatikana Bandcamp, chini ya Nyege Nyege Tapes. Inunue, subiri usiku uingie, zima taa, anza na “Lionsblood”. Ila kama nyumba yenu ni ya mabati na mzee amelala chumba cha pili, tafadhali tumia spika za masikioni.