Nusu Saa ya Darasa la Kwanza

Watu wengi waingiapo katika darasa la kwanza wakaona watoto wakisimama na kuketi kwa ishara moja, wakipokea madaftari pasi na zogo na kuitikia kwa pamoja, hudhani kwamba wayaonayo ni adabu tu, na kwamba elimu yenyewe itafuata baadaye. Ilhali mwenye kuichunguza kazi hii kwa makini hutambua kuwa taratibu hizo ni sehemu ya elimu yenyewe, maana zisipokuwapo, kilichobaki hakipati wakati wa kufundishwa.

Na tuanze na hesabu ya huo wakati. Katika Tanzania Bara, kipindi cha darasa la kwanza na la pili kimekuwa cha dakika 30, na mtaala ulioanza kutumika mwaka 2015 uliwapunguzia watoto hao wingi wa masomo, ukatanguliza stadi tatu za Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, ambazo walimu huziita KKK. Kipimo cha Serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, lakini tangu michango ya lazima ilipoondolewa mwanzoni mwa mwaka 2016, madarasa mengi ya kwanza yamefurika kupita kipimo hicho. Tuchukue basi darasa la watoto 72, walioketi watatu watatu katika madawati 24, nayo yamepangwa safu 4 za madawati 6. Mwalimu akitaka kumkabidhi kila mtoto daftari kwa mkono wake mwenyewe, hata kama hatumii zaidi ya sekunde 5 kwa kila mmoja, zitampotea dakika 6, yaani khumusi nzima ya kipindi, kabla mtoto hajaandika hata herufi moja. Na akiwaita mezani kwake kusahihisha, kwa nusu dakika kila mmoja, kipindi kitakwisha ilhali foleni ingalipo.

Mwalimu hodari huitibu shida hii kwa viranja wa safu. Kila safu ina mtoto wake mmoja, naye hubadilishwa kila juma ili amana hiyo iwafikie wote, hata wale wanyonge ambao kwa hiari yao wasingejitokeza. Baada ya kusoma, wakati miili ya watoto wa miaka sita imekwisha kuchoka kukaa, darasa zima husimama na kuitikia: mikono juu, mikono mbele, mikono mabegani, kunja, na wimbo huo ukiendelea, viranja wanne, kila mmoja na madaftari yake 18, hupita na kuweka matatu matatu juu ya kila dawati, hata wimbo ukikoma kila mtoto ana daftari lake mbele yake. Aonaye wimbo akadhani ni mchezo mtupu hajaona kwamba ndani yake kumefanyika kazi mbili: viungo vimenyooshwa, na vifaa vimegawiwa.

Lakini utaratibu kama huu hauzuki wenyewe, wala haupatikani kwa kufoka, sembuse kwa fimbo. Hufundishwa kama somo jingine lolote: katika majuma ya kwanza mwalimu huonyesha yeye mwenyewe, kisha safu moja hufanya na nyingine zikitazama, kisha wote hujaribu, na pakiharibika hurudiwa polepole, pasi na kumtahayarisha mtu. Wapo walimu wanaoyaona majuma hayo kuwa ni wakati uliopotea, wakakimbilia silabi siku ya pili, nao aghalabu ndio ambao mpaka mwezi wa sita wangali wakipiga kelele za kuwanyamazisha watoto.

Mpango wa hatua tatu unaokaribiana na huo, yaani mimi kwanza, kisha sote, kisha wewe peke yako, ndio uongozao somo la kusoma. Chukua siku ya kufundisha herufi m kwa watoto wanaojua irabu tano tayari. Mwalimu hataji jina la herufi, bali hutoa sauti yake, midomo imefumbwa, na watoto hugusa midomo yao wapate kuhisi inavyotetema. Kisha sauti hiyo huunganishwa na irabu, ikawa ma, me, mi, mo, mu. Na kutoka hapo, kwa konsonanti hiyo moja tu, mtoto husoma mama, mimi, mume, uma, na hatimaye sentensi kamili: Mama ameumia. Hii ni neema ya Kiswahili, ambacho silabi zake nyingi huishia kwa irabu na kila herufi huilinda sauti yake. Na mwalimu asiyemfikisha mtoto kwenye sentensi siku hiyo hiyo, akamwacha na silabi tupu, amemnyima furaha ya kujua kwamba kusoma ni kupata habari.

Lakini katika hatua ya sote pamoja ndipo hatari ilipo. Kuitikia kwa pamoja, ambako watoto wa mwambao wamekuzoea tangu chuo cha Kurani, humtia moyo mwenye haya, lakini pia humficha asiyejua. Yuko mtoto atakayeimba ma, me, mi, mo, mu kwa sauti nzuri kupita wote, na macho yake yamo darini. Dawa yake ni ndogo: mwalimu huvuruga mfuatano, akaanza kwa fimbo ya kuelekezea kwenye mo, akarukia ma, akarejea mu, kisha hupunguza waitikiao, kutoka darasa zima hadi safu, kutoka safu hadi dawati, kutoka dawati hadi mtoto mmoja, na dakika chache hizo humwonyesha nani asaidiwe kesho.

Katika Kuhesabu, vijiti na vifuniko vya soda walivyoleta watoto kutoka nyumbani hufanya kazi ambayo ulimi hauwezi kuifanya peke yake. Kumi na tatu hujieleza yenyewe, lakini ajuaye mbili haisikii ndani ya ishirini, wala ajuaye tatu haisikii ndani ya thelathini. Kwa hiyo vijiti kumi hufungwa kwa uzi vikawa fungu moja, na mtoto akiulizwa ishirini na tatu huweka mafungu mawili na vijiti vitatu, akaona kwa macho yale ambayo jina limeyasitiri. Kufunga na kufungua mafungu hayo kila siku ndiko kutakakomwandalia njia ya kukopa na kubeba katika hesabu za mbele.

Haya yote yataka mwalimu mwenye subira, mpangilio na nadhari kali, naye si yule ambaye baadhi ya shule humtupa darasa la kwanza kwa kuwa hakupata mahali pengine pa kuwekwa. Mwalimu mkuu aitakiaye shule yake kheri na ampeleke huko aliye bora miongoni mwa walimu wake, ampe majuma ya mwanzo ya kujenga taratibu pasi na kumwuliza silabi ngapi zimekwisha, kwani mtoto aliyekosa kusoma katika darasa la kwanza na la pili atalipa deni hilo katika kila somo litakalofuata.