Darasa Linalokunjwa Ijumaa

Mtoto wa Kisukuma wa miaka mitano huingia chekechea akiwa na lugha moja kamili kichwani, na mwalimu wake ana kitabu kilichoandikwa kwa lugha nyingine. Mwalimu ananyanyua kikombe na kuuliza, "Humu mna nini?" Mtoto anajibu, "Minzi." Hapo ndipo unapomjua fundi. Mwalimu ambaye hajaiva atasema, "Hapana, sema maji," na darasa zima litaimba maji, maji, huku yule aliyejibu akijifunza jambo moja tu, kwamba kesho anyamaze. Mwalimu aliyeiva anaitikia kwa kichwa: "Ndiyo, maji. Maji ya kunywa. Nani anataka maji?" Kisha anampa mtoto kikombe anywe. Hakuna aliyekosolewa, na neno limepita masikioni mara tatu likiwa na kazi ya kufanya kila mara.

Ufundi huo hauonekani kirahisi, ndiyo maana haulipwi. Nataka kuusifu polepole, hasa pale unapofanyika kwa shida: vijijini Shinyanga na katika ukanda wa dhahabu wa Geita, ndani ya kumbi na vibanda vya makanisa, mikononi mwa wasichana waliomaliza kidato cha nne na akina mama waliozoea kufundisha shule ya Jumapili.

Historia yake si ndefu kuieleza. Shule za misheni ziliingia mikononi mwa serikali kwa Sheria ya Elimu ya 1969, lakini kulea wadogo kuliendelea kuwa kazi ya vijiji, akina mama na nyumba za ibada. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ikaufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima, na mtaala wa 2016 ukataka mwalimu mmoja awe na watoto 25. Katika shule nyingi za umma darasa la awali hupita watoto mia, na shule yenyewe huenda iko mbali mno kwa miguu mifupi. Wakati huohuo Wakatoliki wana majimbo yao Shinyanga na Geita, Walutheri na AICT wana dayosisi zao, na kila kigango kina jengo lisilo na mtu Jumatatu hadi Ijumaa. Kilichokosekana ni mtu anayejua la kufanya na watoto thelathini ndani ya jengo hilo, saa tatu mfululizo, bila fimbo.

Tuanze na vifaa, maana hapo ndipo mafunzo mazuri huanzia. Ukumbi wa kanisa hauruhusu kupigilia misumari ukutani. Jumamosi kuna mazoezi ya kwaya, Jumapili ni ibada, na mwenyekiti wa kigango hataki kukuta vizibo vya soda chini ya benchi. Kwa hiyo mwalimu hufundishwa kutengeneza darasa linalokunjwa. Kiroba cha sandarusi kinapasuliwa pande, kinafuliwa, kinapindwa kwa uzi na kuandikwa kwa kalamu ya wino mzito: upande mmoja namba, upande wa pili picha za ng'ombe, mtama, jembe na baiskeli. Kinaning'inizwa kwa kamba kati ya madirisha mawili, na Ijumaa mchana kinaviringishwa. Kona ya hesabu inaingia kwenye ndoo: mbegu za ubuyu, magunzi, vijiti vya mabua. Kona ya nyumbani ni sufuria iliyotoboka na kanga mbili. Kona ya vitabu huwa ndiyo maskini kuliko zote, na siwezi kuificha kwa sifa. Mwalimu huichangamsha kwa vijitabu alivyoshona mwenyewe kutoka maboksi ya sabuni, kila ukurasa picha moja na sentensi moja.

Nimewasikia wataalamu wakizisifu zana hizi kwa kuwa ni za bei nafuu. Hilo ni dogo. Uzuri wake ni kwamba aliyezitengeneza anajua kila kipande kinafanya nini. Anajua mbegu ziko ngapi, na mtoto akificha moja mfukoni, anajua pia kwamba mtoto huyo ameshaelewa kupunguza. Watoto wengi wa huku wameona wakubwa wakicheza isolo, bao la Wasukuma, wakigawa kete shimo kwa shimo bila kupotea. Mwalimu mwerevu huchimba vishimo mchangani nje ya kanisa na kuanzia hapo, kwenye hesabu ambayo mtoto ameshaiona ikifanywa na babu yake.

Nikisema mchanga, Geita nasimama kidogo. Mahali pengine popote mwalimu wa awali anaambiwa alete mchanga, watoto wachore herufi kwa kidole. Kwenye machimbo ya Nyarugusu, Mgusu au Rwamgasa, swali la kwanza ni mchanga huo umetoka wapi. Ukiwa umechotwa karibu na mwalo, pale dhahabu inapooshwa, au ni marudio, yale mabaki yaliyokwisha kupita kwenye karasha ya kusaga mawe, huenda una zebaki, ile ambayo wachimbaji wadogo huichanganya na unga wa mawe ili kushika dhahabu na kisha huichoma moto. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya watoto wanaofanya kazi kwenye machimbo madogo ya Tanzania, na Geita ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizochunguzwa. Kwa hiyo mwalimu wa huku anafundishwa kitu kisichomo katika vitabu vya Ulaya: chukua udongo wa shambani, mbali na mwalo, watoto wanawe kabla ya uji, na karai lililotumika machimboni lisiingie darasani hata kama mzazi amelitoa kwa moyo mweupe.

Lakini mchezo wa karai hawezi kuuzuia, wala hapaswi. Mtoto wa mchimbaji hucheza kuosha dhahabu kama mtoto wa pwani anavyocheza kuvua. Fundi anawapa sufuria safi, maji na kokoto, kisha anauliza: ipi imezama kwanza? Ipi nzito? Utajuaje? Halafu ananyamaza.

Kunyamaza huko ndiko kugumu kuliko kushona viroba. Tumelelewa na walimu wanaouliza na kujibu wenyewe, au wanaoacha sentensi nusu ili darasa zima liimalizie kwa sauti. Kumfundisha mtu aulize swali na angoje huku watoto wakitazamana huchukua muda mrefu kuliko kumfundisha irabu. Semina ya siku tatu ukumbini haiwezi. Inahitaji mtu wa kurudi.

Hili wenzetu wa pwani walilielewa mapema, nao walianzia kwenye nyumba ya ibada. Mombasa, miaka ya 1980, viongozi wa Kiislamu walitaka watoto wao wafike shule ya msingi wakiwa tayari, bila kuacha dini yao. Kwa msaada wa Aga Khan Foundation, Bi Swafiya Said akaanza kazi ya chekechea za madrasa, ambayo ilifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Walimu walikuwa akina mama wa mtaa huohuo, wengi wenye elimu ndogo. Walipewa mafunzo mafupi, kisha mkufunzi akawa anawatembelea darasani kwa muda wa kama miaka miwili. Anakaa nyuma, anatazama, na baada ya watoto kuondoka anauliza: yule aliyekaa peke yake karibu na mlango, ulimwona? Ningependa kila jimbo na dayosisi ya Kanda ya Ziwa ikope hiyo ziara hata kama haitakopa kingine.

Sehemu ya imani katika kazi hii mara nyingi hutajwa kwa sala ya asubuhi na wimbo wa Yesu. Mimi naiona zaidi katika ile ratiba ya kurudi. Mradi wa wafadhili huwa na mwaka wake wa kufunga. Kigango bado kina misa Jumapili ijayo, na katekista yuleyule.

Kinachoniudhi ni joho. Siku hizi chekechea haiishi bila mahafali, na mzazi aliyeshindwa kulipa mchango wa uji anakodi joho na kofia kwa mtoto wa miaka sita. Wengine wanadai Kiingereza, madaftari yaliyojaa na mtihani wa kila mwezi, na mwalimu aliyefundishwa kungoja jibu anajikuta akiandika ubaoni watoto wanakili. Anayeweza kumketisha mzazi kwenye kile kibenchi kifupi na kumwonyesha kwamba mchezo wa kokoto ndiyo hesabu yenyewe ana ufundi wa pili, pengine mkubwa kuliko wa kwanza.

Halafu kuna rashi. Dhahabu ikisikika kilima kingine, nusu ya darasa inahama kwa wiki moja, na wageni wanaingia katikati ya muhula. Walimu wa machimboni wamejifunza kupanga kila siku ijitosheleze: hadithi ianze na kuisha leo, wimbo wa majina urudiwe kila asubuhi ili wa jana asiwe mgeni tena. Nao walimu wenyewe huhama. Mmoja akipata cheti, shule ya binafsi ya Kahama au Geita mjini inamchukua, na kigango kinaanza upya na binti mwingine. Viongozi hulalamika kwamba walimu hawa hawana moyo wa kujitolea. Ninachowaomba ni kutaja posho wanayowalipa kabla ya kuanza kulalamika.