Kila Spana na Kwake

Ziko kazi za mikono zinazosifiwa hadharani: useremala, ufinyanzi, ushonaji, uchongaji wa milango. Iko nyingine ambayo sijasikia ikiimbiwa na mtu, labda kwa sababu ikifanywa vizuri haionekani. Ni kazi ya kupanga banda la gari, lile banda ambalo gari lenyewe lilishahamishwa zamani, likabaki kupigwa na jua chini ya mwembe huku ndani vikilala vigae, ndoo za rangi na baiskeli isiyo na mnyororo. Nasema kupanga banda hilo ni ufundi, na anayeuweza ni fundi hata kama hajawahi kushika randa.

Kwanza tuutendee haki mrundikano wenyewe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliingia katika nyumba za familia 32 za tabaka la kati kuanzia mwaka 2001 hadi 2005, wakapiga picha kila chumba na kuhesabu vitu. Kitabu chao kilitoka mwaka 2012, na ndani yake mnaelezwa kwamba gereji tatu kati ya kila nne hazikuwa na nafasi ya kuweka gari. Msomaji wa Dar es Salaam au Nakuru atacheka na kusema, kumbe si sisi tu. Lakini mrundikano wao na wetu haukuzaliwa tumbo moja. Wale walijaza kwa kununua. Sisi tunajaza kwa kujenga. Nyumba zetu nyingi hupanda kidogo kidogo, msingi mwaka huu, kuta mwakani, bati pesa ikipatikana, na kila hatua huacha masalia yake: vipande vya nondo, mabomba yaliyokatwa, mbao za kenchi, nusu boksi ya vigae. Aliyejinyima ili avinunue hawezi kuambiwa tu "tupa." Atakuuliza, kigae kimoja kikipasuka bafuni, rangi ileile utaipata wapi? Na ana haki. Vigae vya jina lilelile vikitoka kiwandani awamu nyingine huja na rangi iliyopishana kidogo, na jicho hulinasa pengo hilo kila unapooga.

Kwa hiyo wanaofundisha kwamba kupanga ni kutupa wanazungumza na watu wengine. Marie Kondo, Mjapani aliyejulikana duniani kwa kitabu chake cha mwaka 2011, anataka ushike kila kitu mkononi ujiulize kama kinakupa furaha. Simjui mtu anayefurahishwa na floti ya tangi la choo. Ila usiku ule choo kinapovuja na maduka yamefungwa, utaikumbatia kuliko albamu ya harusi. Banda lina swali lake, tena kavu: hiki kitafanya kazi gani, wapi, na kinasubiri nini? Kinachojibu kinabaki. Kinachosita kinapewa muda. Kisicho na jibu kiende kwa mwenye jibu nacho. Rundo lote lile, ukiliangalia vizuri, ni maamuzi yaliyoahirishwa, na fundi wa banda ni mtu asiyeogopa kuamua.

Mtaani kwetu yuko mzee mmoja mstaafu, zamani alikuwa mtunza stoo wa reli. Nilimtazama akipanga banda la jirani. Hakuanza kwa kufagia. Alitandaza turubai uani, akaamuru kila kitu kitoke, mpaka ndani kukabaki sakafu na buibui. Wengi huchoka kwa sababu hupanga vitu vikiwa mulemule ndani, wakivihamisha kutoka kona hii kwenda ile, jioni jasho linawatoka na banda ni lilelile. Kitu kikitolewa juani hujisema chenyewe. Mfuko wa saruji uliokuwa ukihesabiwa kuwa akiba ulionekana kuwa jiwe. Saruji hunyonya unyevu wa hewa, na kwa joto la pwani miezi michache tu inatosha kuipunguzia nguvu. Mzee aliupiga teke, ukajibu kwa mlio, akasema, "Huu ni ngazi ya kupandia kibarazani."

Rangi aliipa muda zaidi. Alifungua kopo la rangi ya mafuta, juu limefunga utando mgumu. Hakulitupa. Aliukata utando pembeni kwa ncha ya kisu, akautoa mzima, na chini yake rangi ilikuwa hai, inang'aa. Akaikoroga kwa kijiti, akaichuja kwa kipande cha soksi ya nailoni ili mabonge yabaki, akaimimina katika kopo dogo zaidi lisiache hewa nyingi ndani, kisha akaandika juu ya mfuniko kwa maka: "Madirisha, nje." Kopo la rangi ya maji lilipofunguliwa lilitoa harufu ya uvundo, akalifunga palepale na kulisogeza upande wa vinavyoondoka. Makopo mawili, hukumu mbili, na zote zilitolewa kwa pua na ncha ya kisu.

Halafu spana. Zilikuwa zimejaa gunia, zimeshikana kwa kutu na grisi. Akakaa kwenye kigoda na kitambaa kilicholowa dizeli, akawa anafuta moja moja na kusoma namba kwa kidole gumba kabla jicho halijaiona. Magari mengi ya barabara zetu yanatoka Japani, na nati zake nyingi zinataka 10, 12, 14, 17 na 19. Namba 13 ni ya magari ya Ulaya, ikatengwa. Namba 10 haikuwepo. Haipo kamwe; kama iko nchi zinakokwenda spana namba 10 zilizopotea, basi huko hakuna nati inayolegea. Spana malaya aliitundika mwisho kabisa wa mstari, mbali na mkono. "Hii ni ya dharura," akasema. "Ukiizoea itakula kona za nati, nati igeuke duara, hapo ndipo utamtafuta mtu wa kuchomelea."

Ukutani alipigilia ubao wa plaiwudi, akatundika kila chombo kwenye msumari wake, kisha akakizungushia maka hadi umbo lake likabaki limechorwa. Mbinu hii haina mwenyewe. Karakana za ndege huitumia, kwa sababu bisibisi iliyosahaulika ndani ya injini inaweza kuua. Huko Cambridge, Massachusetts, mume wa mpishi mashuhuri Julia Child, Paul, alimchorea mkewe ukutani umbo la kila sufuria na kikaango, na mwaka 2001 jiko hilo likachukuliwa na jumba la makumbusho la Smithsonian. Uzuri wa mchoro huo unaonekana chombo kinapotoka. Nyundo ikiazimwa, pengo lenye umbo la nyundo linamkodolea macho kila anayeingia, na mwenye kuazima anadaiwa hata mwenye nyumba akiwa safarini.

Ni jambo la kupendeza kwamba gari na namna ya kulipangia banda vyote vimetujia kutoka nchi moja. Viwanda vya Japani, Toyota kikiwa mbele, vilijenga nidhamu ya hatua tano zinazoanza kwa kutenganisha kinachohitajika na kisichohitajika. Tanzania ilizipokea kupitia hospitali: mwaka 2007, kwa msaada wa Wajapani, Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza kuzitumia, na wauguzi wetu wakazikariri kwa Kiswahili: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Ya mwisho ndiyo ngumu. Kusasambua ni kazi ya Jumamosi moja na vijana wawili wenye nguvu. Kushikilia kunataka mtu arudishe plaizi mahali pake akiwa na njaa, amechoka, na mpira wa jioni umeshaanza.

Kuna sehemu ambayo Wajapani hawakutuandikia, nayo ni amana. Nusu ya vilivyomo bandani kwetu si vyetu. Kitanda ni cha binamu aliyehamia Mwanza. Sanduku la bati ni la mpangaji aliyeondoka akisema atalifuata mwezi ujao, na huo mwezi ujao haujafika. Amana haitupwi, wala haiuzwi kimyakimya. Hapa fundi anaweka chini ufagio na kushika simu. Jirani alipiga mbele yetu, sauti ikiwa wazi.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Nauliza kuhusu ile cherehani yako iliyoko bandani, tuilete au mtakuja kuichukua?"

"Cherehani gani? Ile Butterfly? Ile si yangu, ni ya mama yako, mimi niliazima nikairudisha!"

Cherehani ilikuwa imelala pale miaka yote ikiheshimiwa kama mali ya mtu, kumbe iko kwao. Ilifutwa vumbi, ikatiwa mafuta, jioni ikaingia ndani ya nyumba. Nimeona udugu uliopoa ukichangamka kwa simu za namna hii. Nimeona pia ugomvi ukizuka, maana si kila mtu anapenda kukumbushwa kwamba kitu chake bado kinakula nafasi ya mwenzake. Anayepanga banda bila kuijua hadhi ya amana atapata sakafu safi na ukoo uliokasirika, na mimi simwiti fundi.

Mpangilio wenyewe, baada ya hapo, una sheria chache. Kinachotumika kila wiki kikae kati ya kiuno na bega. Kizito kikae chini, cha mara moja kwa mwaka kipande juu. Hakuna kitu kinachogusa sakafu, kwa sababu sakafu ni ya mchwa na ya maji ya mvua. Kila kitu kinalala juu ya mbao zilizoinuliwa kwa matofali, na kisisukumwe hadi ukutani, ili njia ya udongo ya mchwa ikipanda uione mapema. Maboksi ya karatasi ni karamu ya wadudu. Mzee alichukua madumu ya mafuta ya kula ya lita 20, akayakata ubavuni, akayapanga yamelala kwenye rafu, na hapo akapata droo zisizooza wala kuliwa: misumari ya bati katika moja, ya inchi 3 katika nyingine, skrubu, soketi za umeme, viungio vya mabomba. Nje ya kila dumu alifunga kwa waya mfano wa kilichomo, hata asiyejua kusoma achukue.

Kisha daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, wazee walisema, na mtunza stoo wa reli hakuhitaji kukumbushwa. Daftari la shule la kurasa 40, limening'inizwa kwa kamba ya katani nyuma ya mlango: kilichoingia, kilichotoka, nani, lini. Jirani alicheka, akasema hii si bohari ya serikali. Wiki ileile shemeji yake akaja kuazima jeki, akaonyeshwa kalamu, akaandika. Jeki ikarudi.

Vinavyoondoka navyo vina heshima yake. Chuma chakavu kina mnunuzi anayepita na mzani wake, na huishia kwenye tanuri la kiwanda kikatoka nondo. Pipa lililotoboka likifika kwa mafundi wa Kamukunji, Nairobi, linaweza kugeuka jiko au sanduku la mwanafunzi wa bweni. Betri ya gari imejaa risasi na asidi. Isiachwe uani wala isimwagwe mtaroni, ipelekwe kwa wanaozikusanya. Petroli na mafuta ya taa yatolewe kwenye chupa za soda leo hii kabla ya kazi nyingine yoyote, maana mtoto mwenye kiu anaijua chupa, hajui kilichomo.

Nina kipimo kimoja tu cha kujua kama banda limepangwa na fundi au limeficha fujo tu. Umeme ukatike usiku, kisha mtume mtoto wa darasa la nne: "Nenda kaniletee spana namba 12." Akirudi nayo bila kuuliza swali la pili, kazi imefanyika. Banda ambalo mwenye nyumba pekee ndiye anayeweza kupata kitu ndani yake halijapangwa bado. Limekaririwa, na siku akiugua kila mtu atalala na bomba linalovuja.

Kama wewe msomaji una banda lako na huna Jumamosi nzima, usianze na spana wala rangi. Anza na matairi ya zamani. Maji kidogo yaliyotuama ndani ya tairi yanamtosha mbu wa dengue kutaga na kuangua, na Dar es Salaam iliuguzwa na dengue mwaka 2014, ikauguzwa tena 2019. Yatoe, yamwage maji, umpelekee mshona makobazi, na ufanye hivyo kabla masika hayajaanza.