Fumbo Lisilo Mfunguaji: Ushairi katika Tamasha la Utamaduni Lamu

Mgeni afikaye Lamu wakati wa tamasha la utamaduni huukuta mji umejipamba. Punda hushindana mbio kandokando ya bahari, majahazi hutweka matanga, wazee hukabiliana kwenye bao, mikono ya wanawake hunakshiwa kwa hina, na vijana hucheza kirumbizi kwa bakora. Baina ya shughuli hizo, ushairi nao hupewa zamu yake. Mshindani hupanda jukwaani, hughani utungo wake, hushuka. Majaji hutoa alama, mshindi hutangazwa, zawadi hukabidhiwa. Milango i wazi kwa wenyeji na wageni.

Tamasha hili lilianza mapema katika miaka ya 2000, karibu na wakati Mji Mkongwe wa Lamu ulipoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, mwaka 2001. Si haki kulibeza. Mtoto anayehesabu mizani kwa vidole vyake, nane upande huu na nane upande wa pili, ili asiaibike mbele ya wenzake, amekwisha kuingia katika nyumba ambayo shule nyingi humwonyesha kwa mbali tu. Mcheza kwao hutuzwa, wasema wahenga, na mshairi anayetuzwa kwao ana sababu moja zaidi ya kuendelea kutunga.

Hata hivyo, swali la uhakiki ni jingine. Je, umbo la shindano linaufaa ushairi uliozaliwa Lamu? Jibu linaanzia katika ngoma ya gungu. Humo mtunzi alifunga fumbo kwa shairi, na ilimpasa mwingine alifungue kwa shairi vilevile. Fumbo lisilofunguliwa lilikuwa nusu ya kazi. Uzuri wa ubeti wa kwanza ulipimwa kwa ugumu wa kuujibu, na umahiri wa anayejibu ulipimwa kwa namna alivyoufungua bila kuuvunja. Hakuna jaji aliyekaa kando ya meza. Aliyesikiliza leo ndiye aliyetazamiwa kusema kesho.

Desturi hiyo haikuwa ya starehe peke yake. Mapema katika karne ya 19, Lamu na Mombasa zilipohasimiana hadi vikapiganwa vita vya Shela, washairi wa pande mbili walijibizana kwa tungo. Zahidi Mngumi aliisemea Lamu, na Muyaka bin Haji (1776–1840) aliisemea Mombasa. Tungo zao zilikuwa sehemu ya ugomvi wenyewe: zilitisha, zilikejeli, zilionya, na kila mojawapo ilitungwa kwa kujua kuwa jawabu li njiani. Msomaji wa leo anayeusoma ubeti mmoja wa malumbano hayo pasipo mwenzake husikia sauti ya mtu anayezungumza na ukuta.

Ukuta nao upo. Ngome ya Lamu ilijengwa baina ya 1813 na 1821, katika zama zilezile. Baadaye ikawa gereza, hadi mwaka 1984, kisha ikawa chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ikafunguliwa kwa maonyesho na mikutano ya wananchi. Kuligeuza gereza kuwa mahali pa umma ni jambo jema lisilo na ubishi. Lakini kufungua lango la jengo si sawa na kuufungua mjadala. Umma unaweza kuingia wote, ukakaa, ukapiga makofi, ukatoka, bila ya kuulizwa neno.

Pengine itadaiwa kwamba malumbano ni mambo ya kale, na kwamba tamasha huokoa kile kinachoweza kuokolewa. Historia ya karibu yalikataa dai hilo. Wakati wa kampeni za uchaguzi wa bunge huko Lamu, mwaka 1974 na 1975, tungo zilizojulikana kwa jina la Kimondo zilirekodiwa katika kanda za kaseti na kusambazwa nyumba hadi nyumba, kila upande ukiujibu mwingine. Miongoni mwa watunzi wa zama hizo ni Mahmoud Ahmed Abdulkadir, maarufu kwa jina la Ustadh Mau, mwoka mikate na imamu, ambaye tungo zake za mawaidha nazo zilienezwa kwa kanda. Hakuna ofisi iliyowaitisha wasikilizaji wa kaseti hizo, wala hakuna aliyezitangaza kuwa urithi. Zilisikilizwa kwa kuwa zilisema jambo ambalo watu walitaka kulijibu.

Hoja nzito zaidi ni ile ya amani. Tamasha hugharimiwa na ofisi na wafadhili, na huhudhuriwa na viongozi na wageni. Nani atakubali jukwaa lake liwe uwanja wa mabishano? Hofu hiyo ina msingi, kwani tungo za ushindani zimewahi kuwatia watu machungu yasiyosahaulika upesi. Lakini vina, mizani na fumbo vyenyewe ni lijamu. Anayelazimika kumjibu hasimu wake kwa vina vilevile analazimika kwanza kumsikiliza hadi mwisho. Jamii iliyokuwa na chombo cha namna hiyo haikukosa adabu. Ilikuwa na adabu ya kugombana.

Haja ya chombo hicho haijaisha. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kutokana na athari za ujenzi wa bandari mpya, na mwaka 2021 gati la kwanza la bandari hiyo likazinduliwa. Wapo wanaoiona bandari kuwa ajira kwa vijana, na wapo wanaoiona kuwa mwisho wa uvuvi. Hayo ndiyo mabishano ambayo Lamu ya zamani ingeyafungia fumbo. Ukimpa mshairi zamu moja na alama za majaji, umemfunza kutafuta sifa. Ataimba uzuri wa mji, kwani uzuri wa mji haumkeri mtu.

Sheikh Ahmed Nabhany (1927–2017), mzaliwa wa Matondoni, katika Sambo ya Kiwandeo, kazi iliyochapishwa mwaka 1979, aliyahifadhi kwa ushairi maneno ya ufundi wa kuunda vyombo vya bahari huko Lamu. Kazi hiyo ni hazina. Lakini Nabhany huyohuyo ndiye aliyependekeza maneno mapya kama runinga, akiamini kuwa lugha ya kale ina deni kwa mambo ya leo. Kwake yeye, kuhifadhi na kujibu zama yalikuwa kazi moja.

Mageuzi yanayohitajika hayana gharama kubwa. Fumbo lifungwe usiku wa kwanza wa tamasha, mbele ya watu wote, na usiku wa mwisho uachwe kwa wanaolifungua, wake kwa waume, awe mvuvi au mwalimu. Zawadi iende kwa jozi ya tungo, ule ulioanza na ule uliojibu. Sauti zirekodiwe na nakala zirudi mitaani, kama zilivyozunguka kaseti za Kimondo. Majaji wanaweza kubaki kuhakiki vina na mizani. Kuhusu maana, wenye mji ndio watakaoamua, kwa kujibu au kwa kunyamaza.